Siku Sufuria ya Otilia Ilipogoma Kuivisha

Saa kumi na moja alfajiri, ndani ya sufuria ya Otilia Cuamatzi, sarafu inalia.

Ni peso moja ya zamani, iliyochakaa. Ameiweka chini kabisa, ndani ya maji, kabla ya kupanga juu ya wavu tamale mia moja na arobaini, unga wa mahindi uliokandwa na kufungwa ndani ya maganda ya muhindi. Maji yakichemka, sarafu inagongagonga. Ikinyamaza, maji yamekauka, na mpishi aongeze mengine upesi kabla tamale hazijashika moshi.

Otilia, mwenye umri wa miaka 39, anainama kusikiliza. Hainami sana. Tumbo la miezi saba halimruhusu.

Kwenye vishikio vya sufuria kumefungwa vipande viwili vya ganda la muhindi, vimepigwa fundo kama utepe wa nywele za msichana. Kila mnunuzi anayefika langoni kwake, hapa mjini Huamantla, huvitazama vile vipande kwanza, kisha humtazama Otilia, kisha hutabasamu. Hana haja ya kuambiwa.

Miaka miwili iliyopita, hakuna aliyedhani sufuria hii ingefungwa maganda kwa ajili yake.

Ilikuwa Januari 2021 korona ilipoingia nyumbani. Mumewe Fidencio, fundi mwashi, aliugua siku tano akainuka. Otilia alilala wiki tatu. Alipoanza kukosa pumzi, mitungi ya oksijeni ilikuwa imekwisha mjini.

"Bi. Herminia wa ng'ambo ya barabara alileta mtungi aliouacha marehemu mumewe," anakumbuka. "Tulikuwa hatusemezani tangu tulipogombana juu ya mbwa wake. Aliuweka mlangoni, akabisha, akaenda zake. Hata kunisalimia hakunisalimia."

Alipona. Pumzi ilirudi, hata pua, ambayo kwa mpishi ni nusu ya kazi. Kitu kimoja hakikurudi. Februari hakuona siku zake. Machi hakuona. Ikafika Julai. Badala yake alikuwa akishikwa na joto la ghafla hadi shingo inalowa, kama mwanamke wa miaka hamsini. Yeye alikuwa na thelathini na saba.

Yeye na Fidencio walikuwa wameahirisha kuzaa hadi chumba cha pili kipate paa. Kuta zilikuwa tayari.

"Fidencio akaacha kukijenga," anasema. "Alikuwa anaweka baiskeli yake mle ndani."

Vipimo vya damu vilimgharimu peso 1,900, karibu faida ya wiki nzima. Majibu yalionyesha homoni za mwanamke anayekaribia kukoma hedhi.

Dk. Itzel Munguía, aliyempima, anasema alichoweza kumpa siku ile ni ukweli tu, nao ulikuwa mdogo.

"Ubongo hutuma ujumbe, ovari hujibu," anaeleza. "Homa kali, hofu, kukosa usingizi, vyote vinaweza kuyakata mazungumzo hayo. Huenda virusi vyenyewe navyo vinagusa ovari. Jambo hilo bado linachunguzwa. Wanawake wengi huvurugika kwa muda, halafu mwili hujirudi. Lakini sikuweza kumwahidi kwamba na yeye ni miongoni mwa hao wengi."

Otilia anakumbuka jambo lingine. "Alinishika mkono, tukakaa hivyo. Na foleni nje ilikuwa ndefu."

Agosti hedhi ilirudi, ikapotea, ikarudi tena bila mpangilio. Mwaka uliofuata Otilia aliacha kuhesabu.

Kisha ikaja Septemba 2022, mkesha wa sikukuu ya uhuru. Shule ilikuwa imeagiza tamale mia tatu. Jikoni walikuwa wanne: Otilia, mama mkwe wake Bi. Crescencia, mwenye miaka 74, wifi yake Maribel, mwenye 22, na Bi. Herminia, ambaye siku hizi hawamfungii mlango.

Moto ulikuwa mkali, mvuke umejaa, sarafu inalia. Saa mbili zikapita. Bi. Crescencia akafungua tamale moja. Unga mbichi.

"Nani amekasirika humu?" akauliza. Kila mtu hapa anajua kwamba tamale haziivi mbele ya mtu mwenye kinyongo.

"Maribel amenuna tangu jana," Otilia akamsemea.

"Wewe wifi, ulimi wako huo! Sijanuna, nina usingizi."

"Iombe sufuria radhi," mama yake akaamuru.

Maribel akaiomba radhi. Bi. Crescencia, magoti yake yote mawili mabovu, akaizunguka sufuria akiichezea ngoma huku ameshikilia meza. Wakangoja saa moja nyingine. Unga mbichi.

"Basi humu mna mwenye mimba ambaye hajaifunga sufuria maganda," alisema Bi. Herminia.

Wote wakageuka kumtazama Maribel.

"Msinitazame mimi! Mama, usinitazame hivyo! Hata mchumba sina, labda huyu paka!"

Otilia alicheka mpaka akashika ukuta. Akaendelea kuushika. Kizunguzungu kilikuwa kimemshika.

Hapo ndipo macho yote yalipomhamia yeye. Walikuwa wamemshuku msichana, wamemshuku paka, lakini yeye hakuna aliyemdhania. Hata yeye mwenyewe hakujidhania.

Bi. Crescencia alivua mtandio wake, akamfunika mkwewe mabegani, akamkalisha. Kisha akachana ganda la muhindi vipande viwili, akampa mkononi.

"Funga wewe, mwanangu," akamwambia. "Mwenye mimba ndiye anayefunga."

"Mama, mimi si..."

"Funga tu."

Akafunga. Maribel akamsaidia fundo la pili. Saa moja baadaye tamale zilikuwa zimeiva.

"Na jana mbona ziliiva?" Maribel aliuliza.

"Jana mtoto alikuwa bado anaona haya," akajibu Bi. Crescencia.

Kesho kutwa yake, Dk. Munguía aliwaonyesha kwenye skrini kitu kidogo kama haragwe, na katikati yake nukta inayopigapiga. Wiki tisa. Fidencio alivua kofia, kama mtu aliyeingia kanisani, na hakuivaa tena hadi nje.

Daktari anakiri kwamba hajui mazungumzo yale ya ubongo na ovari yaliunganishwa lini. "Nimesoma miaka kumi na mmoja, na bado nilisimama pale nikashangaa," anasema. Na sufuria je? Anacheka. "Labda gesi ilikuwa inaisha. Lakini mama yangu naye hufunga maganda, na simkatazi."

Si kwamba hofu imekwisha. Kwa umri wake, Otilia anapimwa presha kila wiki mbili, na amekatazwa kuinua sufuria. Fidencio humwinulia kabla ya kwenda kazini.

Mtoto anatarajiwa Aprili. Otilia anapanga kupumzika siku arobaini, kisha arudi langoni na mtoto mgongoni. Hadi siku hiyo, wanawake huja kununua tamale mbili, wakakawia, wakamnong'oneza kwamba na wao tangu korona hawajielewi.

"Nawaambia waende wakapimwe, wasikae na huzuni peke yao," anasema. "Siwaambii itakuwa kama kwangu. Hilo silijui."

Chumba cha pili sasa kina paa. Baiskeli inalala uani.

Kunapambazuka. Ghafla, ndani ya sufuria, sarafu inanyamaza.

"Otilia! Maji!" Bi. Crescencia anapiga kelele kutoka kitandani.

"Nimesikia, mama!"

Anachota kikombe, anamimina taratibu pembeni, anafunika. Mkono mmoja uko juu ya kifuniko, mwingine juu ya tumbo. Anasubiri.

Kimya. Kimya kidogo tena.

Kisha sarafu inaanza kulia.