Mwili Ule wa Faraji

Gozbert alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi huko Goba, na kwa miaka tisa hakulala bila kujua kesho yake atakula nini. Asubuhi mayai sita ya kuchemsha, mchana dagaa na maharage, jioni viazi vitamu na samaki. Soda aliisahau ladha yake. Kwenye harusi, watu wakijipakulia pilau, yeye hufungua kikopo alichotoka nacho nyumbani, na mkewe Apolonia hutazama kando kwa aibu. Sindano na vidonge vya kujaza misuli hakuvigusa. Aliviita njia ya wavivu.

Pamoja na yote hayo, vigimbi vilimkatalia. Kifua kilikuja, mikono ikaja kwa mbinde, lakini miguu ilibaki ya baba yake aliyeko Bukoba, mirefu na iliyonyooka kama mianzi. Kila alipopanda jukwaani kushindana na watunisha misuli wenzake wasiotumia dawa, alijua macho ya majaji yatakapoishia.

Faraji alifika kwenye jimu, ukumbi wa mazoezi wa akina Gozbert, kwa ajili ya mgongo tu. Alikuwa mchonga vinyago, kijana wa Kimakonde aliyepanga chumba Goba, na kuinama juu ya mpingo kutwa kulikuwa kumemchosha kiuno. Gozbert ndiye aliyempokea, akamfundisha kupumua, kukaza tumbo, kunyanyua bila kujiumiza. Baada ya miezi minne mashati yakaanza kumbana. Mwaka haujaisha, watu wakawa wanaacha vyuma vyao kumtazama. Na Faraji alikuwa mtu wa chipsi mayai. Akila akashiba, analala.

Wakaenda pamoja kwenye mashindano Temeke. Faraji, mara yake ya kwanza, akawa wa kwanza. Gozbert akawa wa tano kati ya saba. Faraji akamvuta mkono, akamshikisha kikombe mbele ya watu wote, akasema huyu ndiye mwalimu wake. Gozbert alitabasamu hadi mashavu yakamuuma.

Siku mbili baadaye, pale jimu, mwenzao mmoja aitwaye Deogratias akamuuliza Gozbert anamlisha nini yule kijana. Gozbert alikuwa anafuta benchi. Hakuinua uso.

"Mwili ule si wa ugali," akasema.

Hakuongeza neno, wala halikuhitajika. Kabla ya Ijumaa lilikuwa limeshaenea kwenye simu za watu: Faraji anachoma sindano. Waandaaji wa mashindano, ambao hawakuwa na kipimo chochote, wakasema ushindi wake usimamishwe kwanza. Hilo Faraji alilimeza. Lililomvunja lilitoka Kimbiji, kwa akina Munira, mchumba wake. Wazee walikuwa wamesikia kwamba sindano zile humkausha mwanaume asipate mtoto, wakaomba ndoa isogezwe mbele, bila kutaja tarehe.

Faraji aliacha kuja mazoezini, akarudi kwao Mbagala. Gozbert alijiambia kwamba labda ni kweli. Labda alikuwa anachoma. Alijiambia hivyo akila, akifundisha, akijigeuza kitandani, na kila mara alikumbuka kuwa kwa mwaka mzima hakuwahi kuona dalili hata moja. Mwishowe akamweleza Apolonia, na Apolonia akamjibu kwa sauti ndogo kwamba anayepaswa kuambiwa hayo si yeye.

Jumamosi akaenda Mbagala. Faraji hakuwepo. Barazani aliketi baba yake, mzee wa miaka sabini na ushei, kifua wazi, akipiga patasi. Gozbert akamwamkia shikamoo, na mzee akasimama kumpa mkono. Mabega yalimjaa mviringo, mikono imegawanyika misuli, na chini ya kikoi alichojifunga, vigimbi viwili kama vifuu vya nazi. Akauliza, akijua jibu, kama mzee aliwahi kunyanyua vyuma. Mzee akacheka, akasema amenyanyua magogo tu, tena si mengi. Zubeda, dada yake Faraji, akaleta maji ya kunywa. Mabega yalikuwa yaleyale. Ukoo mzima ulizaliwa na kitu ambacho yeye alikitafuta miaka tisa kwa mayai na jasho.

Faraji aliporudi, Gozbert akamwambia yote, kuanzia lile neno la pale benchi.

"Mwalimu, kila siku mie nilikuwa nalala chini ya chuma, wewe umesimama kichwani pangu," Faraji akasema. "Sikuwahi kuogopa kwamba utakiachia."

Kisha akamtaka aende Kimbiji akaseme hayohayo.

Gozbert akaenda. Baba mkubwa wa Munira akamsikiliza bila kumkatiza, akamkaribisha kahawa, ndipo akauliza, "Juzi ulisema uongo, mwalimu. Leo mie nitajuaje kwamba huu ndio ukweli?" Gozbert akamaliza kahawa yake, akaaga. Kule jimu nako alisimama akakanusha, na watu wakatikisa vichwa kwa huruma, wakisema mwalimu ana moyo, anamfichia mwanafunzi wake.

Ndoa ilifungwa miezi saba baadaye, kwa sababu Munira mwenyewe aliapa hataolewa na mwingine. Gozbert alisikia kwa Deogratias, wiki mbili baada ya harusi. Faraji hakugusa tena vyuma, na ule ushindi haukurudishwa.

Mwaka ule Gozbert hakushindana. Siku moja Apolonia alimkuta jikoni, mayai yameiva yako mezani, yeye ameketi hajamenya hata moja. Akamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana. Akajikaza, akayala yote sita.