Fyuzi Iliyobaki Kwenye Koti

Kwenye mambo ya gari mimi ni bahili. Nasema mwenyewe kabla mke wangu hajawaambia.

Siku hizi hapa Gitega petroli tunaitafuta kwa tochi. Nilikuwa nimejikusanyia ya safari moja tu, kwenda Muyinga kumposea mwanetu wa kiume. Wiki mbili kabla ya safari, akaja shemeji yangu, kaka yake mke wangu, kutoka Butihinda, hukohuko Muyinga. Alitaka gari abebee maharage. Kumkatalia kaka wa mke usoni, nani anaweza? Nikatoka kimyakimya, nikachomoa fyuzi ya pampu ya petroli, nikaitia mfukoni, ndipo nikamwita ashuhudie. Nikazungusha ufunguo. Krr, krr, krr. Wapi!

"Pole sana, shemeji," akaniambia, tena kwa huruma ya kweli. Aibu ikanipanda. Nje mvua ilikuwa inanyesha, nikavua koti langu nikampa ajifunike mpaka kwenye basi.

Siku ya posa ikafika. Saa moja asubuhi mke wangu kajifunga imvutano yake mpya, vazi la sherehe, mimi nimepiga tai. Wakwe wanatungoja saa nne, na shemeji huyohuyo ndiye msemaji wetu, keshatangulia huko. Nazungusha ufunguo: krr, krr, krr.

Fyuzi! Nikapapasa mifuko yote. Mungu wangu, koti!

Niseme? Thubutu! Majirani wakajaa. "Iko na shida ya betri, mi nakwambia," akasema mmoja. Betri gani, na taa zinawaka? Mwingine akasema stata. Stata si hiyo inazunguka, huisikii? Wa tatu akafungua plagi zote, akazipangusa kwa shati lake. Wakalisukuma gari mpaka barabarani, jasho linawatoka, na mimi niko kwenye usukani najifanya nashangaa.

Saa mbili na nusu mke wangu akaanza kulia. "Mtoto atakosa mke kwa ajili ya hili bovu lako!" Akampigia kaka yake, akaweka sauti ya juu.

"Mwambie shemeji," simu ikasema, "kwenye koti lake nimekuta kitu chekundu, kidogo, kina miguu miwili. Fundi wa hapa anasema achomoe ile ya honi, aichomeke pale pa pampu. Anapajua."

Wote wakanitazama. Halafu wakacheka mpaka wakakaa chini, isipokuwa mke wangu.

Tukaenda bila honi. Kila kona kuna baiskeli zimebeba mikungu ya ndizi, na mke wangu anatoa kichwa dirishani: "Pisheni! Pisheni, nimebeba mwongo!"

Tulifika saa tano. Wakwe walikuwa wamenuna. Shemeji akasimama, koti langu mwilini, akasema kwa upole: "Wakwe zetu, msiwalaumu. Gari lao ni bovu. Mimi mwenyewe liligoma mbele ya macho yangu." Baba wa binti akanishika mkono, akanipa pole. Nilitamani ardhi inimeze.

Binti tukapewa. Shemeji akanirudishia fyuzi yangu, lakini mkono hakuuondoa. Nikamwekea ufunguo kabla hajasema neno.

Maharage yake yalifika salama. Sisi tulirudi Gitega kwa basi, tukashuka kwenye mvua kubwa. Koti bado analo, na sijathubutu kumuuliza.