Siku za Shughuli

Mimi nina mdomo, sikatai. Wanafunzi wangu wanajua, majirani wanajua, na mume wangu alijua kabla hata hajaleta barua ya posa. Nafundisha Kiswahili shule ya msingi hapa Nachingwea, mwaka wa ishirini na kitu sasa, na kazi hiyo imenizoesha kuamini kwamba neno likikaa vibaya mahali, mtu wa kulisahihisha ni mimi. Ndiyo maana mwezi uliopita, tulipoitwa ukumbini kutoa maoni kuhusu ushuru wa maegesho, kama utozwe hadi siku za sikukuu au siku hizo watu waegeshe bure, nilikwenda mapema nikakaa kiti cha mbele. Nilikuwa na la kusema. Nilikuwa nalo tangu Saba Saba ya mwaka juzi.

Siku hiyo nilikuwa nampeleka mama Mbekenyera. Mama anaishi Marambo, analima huko mpaka leo, na goti lake la kushoto linamtesa. Alizaa wasichana wawili tu, mimi na mdogo wangu. Mimi nikazaa wavulana watupu. Mdogo wangu, aliyeolewa Mbekenyera, alipata binti mmoja, akaishia hapo. Binti huyo alikuwa ndani, anachezwa unyago, na Saba Saba ndiyo ilikuwa siku ya kumtoa nje.

Kwetu mwali akitoka hupewa jina la ukubwani. Lile la utotoni linabaki kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye daftari la shule. Jina jipya hulitoa bibi mzaa mama. Anaweka kiganja juu ya kichwa cha mwali, analitamka jina lake mwenyewe kwa mdomo wake, na kuanzia hapo wawili hao wanaitana somo. Mmoja akitangulia, jina halizikwi naye. Jambo hili hufanyika jua halijafika utosini, kwa sababu baada ya hapo mwali anafunikwa na kuingizwa kivulini, na hasimamishwi tena. Mama hakuwa na mjukuu mwingine wa kike. Dada zake wote walikuwa wamekwisha kufa. Kama kuna kitu alikitaka katika uzee wake, basi ni hicho.

Alikuja kulala kwangu ili tuondoke mapema. Asubuhi nilimkuta ameshaoga, ameshavaa, amekaa barazani na mkoba mapajani. Nikamtania kwamba nilidhani mwali ni mjukuu wake, kumbe ni yeye. Akaniambia nipunguze maneno, niwashe gari.

Alikuwa ameniambia tangu jana yake ninunue khanga za kumfunika mwali palepale Nachingwea. Mimi nikaweka ngumu, nikasema Ruangwa kuna duka lenye khanga nzuri zaidi na tunapita njia hiyohiyo. Basi tukasimama Ruangwa, saa tatu na nusu, karibu na soko. Kutoka hapo mpaka Mbekenyera tulihitaji kama saa moja. Muda tulikuwa nao wa kumwaga.

Khanga nilizipata haraka. Niliporudi garini nikamkuta mwanamke wa rika langu, amevaa kizibao cha njano, kamashine ka risiti kananing'inia shingoni.

"Shikamoo, mama," alimsalimia mama kwanza, kisha akanigeukia. "Dada, ushuru wa maegesho. Mia tano."

"Leo sikukuu," nikasema.

"Najua."

"Sasa kama unajua, unatoza nini?"

Hakubishana. Alinionyesha kwa kidole kibao kilichopigiliwa kwenye nguzo. Kiliandikwa kwa rangi nyekundu: USHURU WA MAEGESHO HULIPWA SIKU ZA SHUGHULI.

Nilicheka. Nikamweleza taratibu, kama ninavyowaeleza darasa la tano, kwamba siku za shughuli hapo maana yake ni siku za kazi, siku ambazo ofisi ziko wazi, na leo ofisi zimefungwa nchi nzima. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema shughuli si zipo, soko lile pale, watu wananunua nyama na mimi mwenyewe nimetoka kununua khanga. Nikamwambia hiyo si maana ya neno. Akasema hakuandika yeye, amepewa mashine na kibao.

Kisha akamtazama mama, akaona alivyopendeza, akamuuliza kwa upole tu, "Mama, mnaelekea wapi?"

Kiswahili cha mama ni cha sokoni. Anafikiri kwa Kimwera, na katika ubishi wote ule alikuwa ameshika neno moja tu, lile analolijua vizuri. Na huku kwetu ukisema shughuli bila kuongeza kitu, umesema ngoma, pilau na wageni. Harusi ni shughuli. Jando ni shughuli. Arobaini ya marehemu ni shughuli. Uso wa mama ukachangamka.

"Tunakwenda kwenye shughuli," akasema. "Leo siku ya shughuli, mwanangu. Mjukuu wangu anatoka."

Madereva wa bodaboda waliokuwa wamekaa karibu wakaangua kicheko. "Dada, shahidi wako amekugeuka," mmoja akasema, na wenzake wakagongeana mikono.

Hapo ndipo damu iliponichemka. Ningeweza kucheka nao, na leo hii ninaposimulia nacheka. Siku ile niliona nimevuliwa nguo sokoni. Mwalimu wa Kiswahili anafundishwa Kiswahili na nguzo ya umeme. Mama akaanza kufungua fundo kwenye pindo la khanga yake, akatoa sarafu, akanipa. "Lipa, twende." Nikamrudishia, tena nikamkunja vidole mimi mwenyewe juu ya ile sarafu. Nikamwambia si suala la hela. Nikamwambia yule mwanamke silipi, afanye anachotaka.

Alichofanya ni kupitisha mnyororo kwenye tairi la mbele na kubana kufuli. Akaniambia ufunguo haukai kwake, uko kwa bosi wake, yule aliyepewa zabuni ya kukusanya, kwa hiyo nimtafute huko au nimlipe yeye pamoja na faini, ampigie. Nikasema nitamtafuta huyo bosi na anionyeshe sheria yenyewe.

Mama akashusha kioo. "Niweke kwenye pikipiki, mwanangu. Nitangulie."

"Kwa goti lako hilo?" nikamjibu. "Kaa, mama. Nusu saa tu."

Nilikwenda nyumbani kwa bosi, nyuma ya soko. Nikaambiwa ametoka, yuko uwanja wa mpira, na simu kaiacha kwenye chaji. Nikaenda uwanjani kwa miguu. Njiani mdogo wangu alinipigia mara tatu, na mara zote tatu nilimjibu kama watu wote wanavyojibu: tunakuja, tuko njiani. Mara ya mwisho nilisikia ngoma nyuma ya sauti yake. Akasema mwali ameshatolewa ndani, amesimama juani, wazee wanauliza bibi yuko wapi. Nikasema dakika chache.

Nikampata bosi. Si mtu mbaya. Aliacha mpira, akarudi nami nyumbani kwake, akafungua kabati akatoa karatasi. Tukaisoma pamoja tumesimama mlangoni. Iliandikwa siku za shughuli za kiofisi, isipokuwa sikukuu za kitaifa. Aligeuza karatasi, akaitazama tena, akakuna kichwa. Akasema mchora vibao aliishiwa nafasi kwenye ubao, akaishia alipoishia, na yeye hakuona ubaya. Akaniomba radhi, akanipa ufunguo.

Nilikuwa sahihi. Nilikuwa sahihi kwa kila nukta, na saa yangu ilikuwa inasema saa sita kasoro dakika tano.

Niliporudi nilimkuta mama ametolewa garini, amekalishwa kwenye benchi kivulini, kikombe cha chai mkononi. Yule mwanamke wa kizibao amekaa pembeni yake. Alisimama akachukua ufunguo, akafungua mnyororo bila kunitazama. Alipomaliza akasema, "Mama ameniambia habari ya jina. Nimempigia bosi mpaka nimechoka. Kwa nini wewe hukuniambia? Nisingefunga."

Saa nzima nilikuwa nimemweleza maana ya shughuli, na sikumwambia hata mara moja shughuli yenyewe ni ipi. Akaongeza kwamba yeye naye kwao ni Kiegei, na leo angependa kuwa huko, lakini analipwa kwa risiti alizokata. Akamshika mama mkono mpaka kwenye gari.

Tulifika Mbekenyera saa saba. Ngoma ilikuwa imetulia, watu wanakula. Mwali alikuwa ameingizwa kivulini, amefunikwa khanga za upande wa baba yake. Shangazi yake ndiye aliyeweka kiganja. Walisubiri hadi jua likasimama utosini kabisa, mdogo wangu aliniambia, na mtu mmoja akatoa wazo kwamba bibi atamke jina kwenye simu yenye spika. Wazee wakakataa. Simu haina kiganja, walisema, na siwezi kuwalaumu.

Hakuna aliyetulaumu. Wakatunawisha, wakatupa pilau. Mama akaingia kule ndani, akamkuta mjukuu wake, akamwita kwa jina lake jipya, lile la shangazi, kwa sauti ya furaha kabisa. Baadaye akacheza, goti lake hilohilo. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Nililia kwa hasira kwanza, hasira za kibao, kisha nikaona kibao hakina kosa kubwa kama langu.

Jioni tukirudi, tulipopita Ruangwa mama aliitazama ile nguzo.

"Kwani ulishinda?" akaniuliza.

"Nilishinda, mama."

"Hongera," akasema, na hakuwa ananikejeli. Mama hajui kukejeli. Ndiyo maana iliniuma.

Sasa turudi ukumbini. Watu walisema mengi. Mwenye duka la vifaa alitaka ushuru utozwe hadi Krismasi, kwa sababu bila hivyo magari yanaganda mbele ya duka lake kutwa nzima na wateja hawapati pa kusimama. Ana hoja. Mama ntilie wa karibu na hospitali akasema siku za Idd na Pasaka ndizo watu hupata nafasi ya kuja kuona wagonjwa wao, mtawatoza kwa kuugua? Dereva mmoja akasema kama wakusanyaji wapo kazini, basi walipwe kwa siku na si kwa risiti, hapo hakutakuwa na kugombana. Nilikumbuka kizibao cha njano, nikapiga makofi.

Ilipofika zamu yangu nikasimama. Hotuba yangu ilikuwa tayari tangu mwaka juzi, yenye maana ya kwanza ya neno na maana ya pili. Bwana aliyekuwa anaandika akaniambia, "Taja jina lako kwanza, mama, kwa ajili ya muhtasari."

Nikataja jina la mama.

Sikuwa nimepanga. Lilitoka tu, na likishatoka sikulirudisha. Yule bwana akaniomba nilitaje herufi kwa herufi, maana halisikiki sana siku hizi, nami nikamtajia, akaandika. Halafu ile hotuba ndefu ikanitoroka. Nikasema sikukuu wasitoze, kwa sababu wengi wanaotembea siku hiyo wanakwenda kwa mtu anayewasubiri. Nikasema wakiamua kutoza, waandike maneno yote hata kama ubao ni mdogo, na ufunguo ukae kwa anayefunga. Nikakaa. Nasikia bado hawajaamua.

Jumamosi yake nikaenda Marambo. Nilimkuta mama uani anapepeta ufuta. Nikamweleza kila kitu, mpaka lile la jina, na nikaona aibu kama niliyeiba. Nikamwambia jina lake sasa limo kwenye kumbukumbu, limeandikwa, litakaa huko miaka na miaka.

"Wameliandika vizuri?" akauliza.

"Vizuri, mama. Herufi zote."

Akatikisa ungo, akapuliza makapi, akachagua vijiwe viwili akavitupa. "Sawa," akasema. "Na siku wakiliita, nani ataitika?"

Nikachukua ungo wa pili, nikakaa karibu yake tukaendelea kupepeta.