Moto wa Maji, Si wa Maziwa

Nakumbuka siku niliyomwona mama yangu akikipiga kikombe cha maziwa kwa kiganja, kikaruka, kikagonga ukuta. Hebu nielewe, mwanangu. Mama yangu, mfugaji wa kijiji cha Diff aliyetulea sote kwa maziwa ya ngamia, mtu ambaye tone likidondoka tu chini anasema astaghfirullah, ndiye aliyeyamwaga. Nilisimama mlangoni na sahani mkononi, mdomo wazi, nisijue niiweke chini ama nikimbie nayo.

Miaka hiyo nilikuwa bado nainuka bila kushika kiuno. Nilikuwa naishi Garissa na dada yangu mkubwa, Habiba. Ukame ulikuwa umemaliza mifugo yetu kule Diff. Ngamia wa mama walibaki wachache, kaka yetu akawahamishia mbali kufuata malisho, nasi tukamleta mama mjini. Alifika amekonda, shingo imebaki mishipa. Tulimpikia wali, akageuza uso. Tulimpa supu, akaionja kwa adabu tu na kurudisha bakuli. Maziwa ya pakiti ya dukani ndiyo hata hakutaka kuyaona, alisema yana ladha ya karatasi. Alitaka maziwa ya ngamia, na ukame ule ulikuwa umeyaadimisha hata sokoni. Kila nilipomshika mkono kumpeleka kutawadha nilihisi amepungua tena. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kwamba tutamzika kabla mvua hazijanyesha.

Ndipo binamu yetu aliye ng'ambo akatutumia mzigo. Ndani mlikuwa na pakiti za maziwa ya ngamia makavu. Si unga ule uliouzoea. Haya yaligandishwa kwa baridi kali, kisha yakakaushwa yakiwa barafu vile vile, yakabaki vipande vyeupe, vyepesi kama bisi. Habiba alikishika kimoja akakipuliza, kikaruka.

"Haya ni maziwa kweli, ama ni mchezo wa watoto?" akaniuliza.

Binamu alikuwa ametwambia kwenye simu kwamba yanataka maji tu. Basi Habiba akafanya kama anavyofanya na unga wa maziwa ya chai: akachukua birika linalochemka, akamimina. Maziwa yakakatika, mabonge yakaelea juu, mvuke ukafuka. Akampelekea mama hivyo hivyo.

Kwetu maziwa ya ngamia hayawekwi motoni. Tumekua tukiambiwa kwamba ukiyachemsha, kiwele cha ngamia aliyeyatoa kitakauka. Unaweza kucheka, na kijana akicheka simchapi. Lakini mfikirie mama. Ngamia wake wachache wako porini, hajui wameamka hai ama wamekufa, na binti yake anamletea maziwa ya ngamia yanayofuka mvuke! Ndipo akakipiga kile kikombe.

"Wallahi, Habiba, na hao waliobaki pia unataka kuwaua?" akapiga kelele.

Sijawahi kumsikia na sauti ile. Alijifunika shuka uso mzima, na siku ile hakutia kitu mdomoni.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Habiba alitoka mle chumbani akiwa mtu mwingine. Alitangaza kwamba kuanzia hapo maziwa yale hayatakuwa jirani na moto wa aina yoyote. Akatoa dhiil ya mama, kile chombo chetu cha kusuka cha maziwa, akakisafisha na kukifukiza kwa kijinga cha moto kama wafanyavyo wakamuaji, maana moshi wa chombo ni halali, ndio manukato ya maziwa. Kisha akamwaga pakiti nzima ndani na kuteka maji kwenye mtungi. Maji yenyewe yalikuwa ya mkokoteni wa punda, yametoka mto Tana, rangi yake unaijua.

Nikamwambia, "Abaayo, dada yangu, maji si tuyachemshe kwanza?"

Alinitazama kama niliyemtukania baba. "Mama atumwagie tena? Nyamaza wewe."

Kwetu mkubwa ni mkubwa. Nikamshikia dhiil, akamimina maji.

Na mama alikunywa! Vile vipande vilinyonya maji, vikalainika, vikapotea, chomboni yakabaki maziwa yenye povu na harufu ya moshi. Mama alinusa kwanza, kwa wasiwasi. Kisha akanywa, akafumba macho, akasema Alhamdulillah. Habiba alilia. Mimi pia nililia, na nilishangaa mno kwamba kitu kikavu kama chaki kinaweza kurudi kuwa maziwa mbele ya macho yangu. Yaliyobaki tuliyaacha kwenye dhiil, kwa sababu maziwa mabichi ya ngamia hukaa vizuri humo, na mama akaendelea kuyanywa kidogo kidogo hadi alasiri ya kesho yake, katika joto hili la Garissa.

Jioni tumbo likamvuruga. Akaendesha na kutapika mpaka macho yakazama na vidole vikawa baridi. Tulimbeba kama mtoto, Habiba mabegani, mimi miguuni, tukamwingiza hospitalini. Hakuwa na uzito. Mwanangu, mpaka leo nikisimulia hapa mwili unanisisimka. Mama mzima hakuwa na uzito.

Walipokwisha kumtundikia dripu, muuguzi, dada wa kutoka bara asiyejua Kisomali, akatuuliza alikuwa amekula nini. Tukamweleza. Akaweka kalamu chini.

"Maji hamkuchemsha?"

"Mila yetu haitaki, sista," Habiba akajibu, machozi yanamtiririka. "Maziwa ya ngamia hayaguswi na moto."

Mama tulidhani amelala. Akafungua jicho moja. Akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, makusudi, ili na muuguzi asikie:

"Habiba. Mimi nasema maziwa. Nani nasema maji?"

Akameza mate kwa taabu.

"Chai yangu ya kila asubuhi, wewe nabika na maji baridi?"

Miaka yote tumemchemshia huyu mwanamke maji ya chai, naye anakunywa na kuomba kingine! Hakuna mila iliyowahi kukataza maji kuchemka. Tuliitunga wenyewe, jikoni kwetu, kwa hofu ya kikombe kimoja kilichorushwa, na nusura tumuue mama yetu kwa heshima. Habiba alikaa chini sakafuni palepale. Mama akanyoosha mkono akamshika kichwa, akarudi kwenye lugha yetu, ambamo mama humwita mwanawe hooyo, yaani mama.

"Mliniogopa, hooyo. Hamkuniuliza."

Alipona, namshukuru Mungu. Na tuliporudi nyumbani aliomba maziwa yale yale, ila safari hii alikaa jikoni kwenye kigoda akisimamia kila kitu. Maji yakachemka mpaka yakatokota hasa, yakafunikwa, yakaachwa yapoe kabisa. Mama akatia kidole chake safi katika kikombe kidogo cha maji yale, akatikisa kichwa, "Bado." Tukangoja. Yalipopoa ndipo tukaweka vipande vya kumtosha yeye mara moja tu, tukamimina maji kidogo, tukaviacha vinywe, tukaongeza, tukakoroga polepole. Kisha yakaingia kwenye dhiil kuchukua moshi. Moto ukabaki kwa maji, maziwa hayakuuona. Alikunywa yote na kulamba mdomo.

Basi mwanangu, ukiletewa vyakula hivi, yawe maziwa, mtindi au jibini, nisikilize. Kukauka hakuui vijidudu, kunavilaza tu, na maji machafu yanaleta vingine. Chemsha maji, yapoe, ndipo uyatie. Usiwe na pupa ya kumwaga mengi. Jibini hasa linataka maji ya kunyunyizia tu, kisha uliache linywe. Changanya kinachotosha kinywa cha sasa, maana yakishapata maji ni maziwa mabichi kama mengine, joto litayaharibu. Kama yamebaki na una friji, yaingie humo upesi. Pakiti nayo ifunge vizuri, usitie humo kijiko chenye maji. Na kile kimfuko kidogo cha kunyonya unyevu kilichomo ndani si sukari, usimpe mtoto!

Lakini hayo hata muuguzi atakwambia. La kwangu ni hili. Mwacha mila ni mtumwa, sikatai, ila mila ina wenyewe, na wenyewe wana midomo. Kabla hujamkataza mzee kitu kwa jina la mila, kaa chini umuulize. Hata kama jana alirusha kikombe, muulize.

Wazee wetu wakiombeana mema husema nabad iyo caano, yaani amani na maziwa. Nami nakuombea hayo hayo, mwanangu. Mungu akupe amani, akupe maziwa, na akubakishie mama wa kumuuliza.