Zebaki na Pete ya Nyanya

Nakumbuka siku moja, mwanangu, katika miaka ya themanini, nikiwa msichana wa kidato cha pili hapa Malindi, nilirudi nyumbani Shella na masomo mengi kuliko akili. Mwalimu wa kemia alikuwa ametufunza kwamba elementi nyingi ni ngumu, kama chuma na dhahabu. Chache ni gesi, kama oksijeni tunayoivuta. Mbili tu hukaa majimaji bila kupashwa moto, na moja ni zebaki.

Sasa, nyanya yangu mzaa baba, mtu wa Lamu, alikuwa hashindiki kwa maneno. Nilipomwambia ziko elementi mbili za majimaji, na moja ni madini, alicheka mpaka ushungi ukamwanguka. Nami ubishi nilikuwa nao, usiniulize niliutoa wapi. Kipima joto kilipovunjika maabara, nikaizoa ile zebaki kwa karatasi, nikaitia katika kichupa cha uturi. Mwalimu alikwisha kutuonya: ina sumu, tusiishike, wala tusiisogeze karibu na dhahabu. Nilimsikia vizuri sana. Nilitaka kushinda tu.

"Shikamoo, nyanya. Madini yenyewe haya, tazama!"

"Marahaba. Hebu nipa." Akaimimina kiganjani. "Lo! Mbona nzito hivi?"

Ikateleza hadi kwenye pete ya dhahabu aliyovishwa na marehemu babu. Papo hapo pete ikawa nyeupe. Nyanya aliisugua kwa kanga, akaisugua kwa ndimu na jivu, wapi! Sonara akatuambia moto ungeiondoa zebaki, lakini pete ilikuwa imelika kwa miaka, huenda ikakatika. Nyanya akaivaa vivyo hivyo. Machozi yalimlenga, lakini hakunigombeza.

"Mjukuu wangu," alisema, "ungenambia niivue, ningeivua."

Laiti angenipiga. Maneno hayo yalinichoma, nikaanza kumkwepa. Nikitoka shule napita njia ya nyuma, nisipite mlangoni pake. Siku moja akanitumia salamu kwa mama: "Mwambie aje. Alisema ziko mbili, na hiyo ya pili sijaambiwa." Nikajibu nitakwenda kesho. Kesho ikifika, nasema kesho tena. Alikuwa na maradhi ya moyo tangu zamani, na asubuhi moja, nikiwa darasani, yakamchukua.

Ya pili ni bromini, mwanangu. Neno moja tu, na sikwenda kumwambia.

Nimezeeka sasa, na bado nina hamu na nyanya yule. Natamani nikae mkekani kwake hata saa moja, anibishie, anicheke, aniulize mpaka nichoke. Watu hudhani ninachojutia ni pete. Pete alinisamehe siku ile ile, ila mimi niliogopa uso wake, nikajinyima siku zake za mwisho.

Basi nisikilize. Ukionywa juu ya kitu, peleka onyo pamoja na hicho kitu, usimfiche umpendaye ili umshangaze. Na ukimkosea mkubwa wako, nenda siku hiyo hiyo, hata kama huna la kusema. Kaa karibu naye. Akikuita usimwambie kesho.

Mwenyezi Mungu amrehemu nyanya yangu. Nawe akupe elimu yenye adabu, na akupe miguu myepesi ya kurudi kwa wanaokungoja wangali hai. Amin.