Mbuke Mbele ya Josho

Tarehe 13 Machi 1976, Jumamosi. Mvua ilinyesha alfajiri hapa kijijini kwetu, jirani na Chimala, kisha jua likawaka na matope yakaanza kunuka samadi.

Siku hiyo lilikuwa linafunguliwa josho letu la kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe. Mbuke, mjane aliyehamia Usangu kutoka Usukumani pamoja na marehemu mumewe, alileta kundi lake dogo akalisimamisha mbali na lango. Ng'ombe hao ndio waliowalisha na kuwavika watoto wake. Hakuwa na kingine.

Wiki iliyotangulia josho lilijaribiwa, na ndama wa jirani yake Mbuke wakafa. Eliezeri, bwana mifugo wetu, alichota dawa ya josho akaipeleka Iringa ikapimwe. Majibu yalikuwa bado.

Lakini Ndugu Kalinga, katibu wa kata, alikuwa amekwisha kuwaahidi wakubwa wa wilaya kwamba josho ni salama, nao walikuwa wamefika. Akapanda juu ya ukuta wa josho.

"Bwana mifugo, sema mbele ya wananchi. Una hakika dawa ndiyo iliyoua?"

"Hakika sina, Ndugu Katibu. Tunasubiri..."

"Mmesikia! Hana hakika. Kwa hiyo dawa haina neno. Ingizeni ng'ombe!"

Watu wakatazamana. Mbuke akasogea, fimbo begani.

"Shikamoo, Ndugu Katibu. Huyu hakusema dawa haikuua. Amesema hajui. Mimi sijui, na wewe hujui. Mbona kutojua kwetu sote umekufanya kuwa ushahidi wako?"

"Mama, unapinga maendeleo?"

"Josho nalitaka. Mchanga wake nimeubeba kwa kichwa hiki. Ila kama huna wasiwasi, ng'ombe wako watangulie."

"Ng'ombe wangu wako mbali, Ipogolo."

"Hata yule mbuzi anayelia nyuma ya ofisi?"

"Yule ni wa wageni!"

"Basi mwogeshe kwanza, ndipo mle."

Kicheko kilichopasuka pale kiliwashtua ng'ombe. Mgeni mmoja alijifunika mdomo kwa leso. Mzee Antoni, mwenye kundi kubwa kuliko wote, akapiga mluzi na kugeuza mifugo yake, wengine wakafuata. Katibu akatangaza kwamba ufunguzi umeahirishwa kwa sababu ya matope.

Wasangu, Wasukuma na sisi tuliotoka Iringa tulirudi nyumbani kwa njia moja tukilitaja jina la Mbuke, kila mtu akisema ni jirani yake. Mimi pia nilisema hivyo, ingawa nyumba yangu iko ng'ambo ya mto.

Yeye hakushangilia. Alijua kupe nao wanaua, na kwamba kuacha josho kuna gharama yake.

Kesho yake asubuhi, baada ya kukamua, Mbuke aliwafunga ndama wake kamba, akapiga goti kwenye tope la zizi, akaanza kuwatoa kupe kwa vidole, masikioni na chini ya mkia, akiwatumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa.