Kupuliza Mbele ya Maman

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: nilikunywa. Sikuwekewa kitu kwenye glasi, sikurogwa, na Shetani hakunishika mkono. Ilikuwa Jumapili, saa kumi na mbili jioni, tunatoka kwenye ubatizo wa mtoto wa binamu yangu, na polisi walikuwa wameziba barabara karibu na Porte de Namur wakimpulizisha kila dereva kwenye kipimo cha pombe. Nikapuliza. Maman alikuwa amekaa kando yangu na kitenge chake cha kanisani, mkoba juu ya magoti, akaona namba inavyopanda. Polisi alipochukua permis yangu ya kuendesha gari, maman alifungua mlango, akashuka, akaenda kupanda basi bila kugeuka. Mwanamke wa miaka sabini na miwili, kwenye mvua.

Kinachonichoma mpaka leo ni kwamba gari lililokuwa nyuma yetu lilikuwa la kaka yangu mkubwa. Tulikaa meza moja kwenye ile sherehe, na mimi nilikuwa mtoto mchanga mbele ya chupa zake. Lakini polisi walikuwa wanashughulika nami, kwa hiyo wakampungia mkono apite. Akapita. Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Za kaka yangu sijui anazihesabu nani.

Hakimu alininyima usukani miezi sita. Maman husafishwa damu hospitalini kule Woluwe, mara tatu kwa wiki, na kwa miaka minne mimi ndiye niliyempeleka, nikatoka kazini, nikamrudisha. Sasa kazi hiyo ikaenda kwa kaka, na sifa zote zikaenda naye. Kanisani wakasimama kumshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto mwanaume anayemtunza mama yake. Mimi nikawa yule mwanamke. Mwanaume akilewa watu husema amechangamka; mwanamke akilewa wanauliza kwanza kama ndiyo sababu mume alimkimbia.

Kabla ya kurudishiwa permis nilipimwa na daktari, kisha nikapelekwa kwa mwanasaikolojia, kijana mmoja mwenye ndevu zilizochanwa vizuri. Akaniuliza nakunywa ili nisahau nini. Nikamwambia nilikunywa kwa sababu ulikuwa ubatizo. Akaandika maneno mengi kuliko niliyosema.

Permis ikarudi, ila ikiwa na kamba shingoni. Nyuma yake wameandika namba ndogo, maana yake naruhusiwa kuendesha gari lenye kimashine cha kupima pombe tu. Unapuliza kwenye mrija wa plastiki, kimashine kinafikiri, kikikubali ndipo gari linawaka. Kikikataa unabaki hapo hapo, na kukataliwa kwako kunaandikwa ndani, utaenda kujieleza siku moja. Hata njiani kinalia: puliza tena. Miaka miwili hivyo. Kaka yangu aliponiona mara ya kwanza nikipuliza, alipiga saluti mbele ya watoto wote wa ukoo: "Bonjour, Madame Trompette!" Mama Tarumbeta! Watoto wakacheka. Maman akacheka. Na mimi nikacheka, ungetaka nifanye nini?

Tangu ule ubatizo sijaonja hata tone. Hata dawa ya kikohozi nasoma kwanza chupa. Sikutafuta msamaha wa kanisa, huo walibaki nao wenyewe. Nilitaka kitu kimoja tu: maman arudi kwenye kile kiti cha kando yangu. Kila wiki nilimwambia gari liko tayari, kila wiki alijibu, "Tutaona." Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, nilimwelewa, nikasubiri. Kisha Jumamosi moja akapiga simu mwenyewe. "Mardi, weye njo utanipeleka." Nilikata simu nikalia jikoni kama mtoto. Jioni ile nikaosha gari ndani na nje, nikasugua hata sehemu ambazo hakuna mtu ataziona.

Jumanne asubuhi nikapanda ngazi hadi kwake, Uccle, orofa ya pili. Alikuwa amevaa koti tayari. Mezani kulikuwa na kikombe kikubwa cha munkoyo. Ni kinywaji cha kwetu Lubumbashi: uji mwepesi wa mahindi unaochanganywa na mizizi na kuachwa uchache kidogo, mtamu, watoto wanaunywa wakitoka shule. Mizizi aliletewa na maman mmoja wa kanisa aliyekuwa ametoka kule. Maman mwenyewe daktari amempimia hata maji, hawezi kunywa kikombe kizima. Alikuwa amenipikia mimi.

"Kunywa kwanza, mutoto wangu. Nilikufanyia weye."

Miezi mingi hakuwa ameniita mtoto wake. Basi niambie, ningekataa vipi? Nilikunywa chote nikiwa nimesimama. Kilikuwa kikali, kikanichoma ulimi. Hapo ndipo nikaona bidoni, lile dumu la munkoyo: ilikuwa kando ya radiateur inayopasha nyumba joto, imefungwa blanketi kama mgonjwa. Kule kwetu siku moja inatosha. Huku aliogopa baridi, akaiacha kwenye joto tangu Jumamosi. Nilijua, sitajidai sikujua. Ulimi ulijua kabla ya kichwa. Nikajisemea, ah, kikombe kimoja cha munkoyo.

Tukashuka. Maman akaketi kwenye kiti chake, akafunga mkanda, akaweka mkoba juu ya magoti. Nikapuliza. Kimashine kikafikiri. Kikakataa.

"Maman, ni munkoyo."

"Munkoyo imefanya nini?"

"Imechacha sana. Iko na pombe."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana mama yake kaburini. "Munkoyo haiko pombe. Ile tunapatiaka batoto! Bibi yako alikunywa kila siku mpaka miaka quatre-vingt-dix, tisini nzima, ulimuona analewa? Weye ulikunywa pombe yako asubuhi, sasa unasingizia chakula yangu."

"Maman, nakuapia. Hebu ninuse."

Hakuninusa. Alifungua mkoba, akatoa simu, akampigia kaka.

Kaka anakaa mtaa wa pili, alifika upesi, macho mekundu, mdomo umejaa harufu ya dawa ya meno. "Trompette imekataa kulia?" Akamshika maman mkono, akamhamishia kwenye gari lake. Mimi nilikuwa pembeni nasukutua maji na kutema, kama nilivyofundishwa na fundi aliyefunga kimashine: pombe ikiwa ya mdomoni tu inaondoka haraka. Nikasubiri. Gari lao lilipokwisha kupinda kona, nikapuliza tena. Kikakubali. Gari likawaka, linanguruma vizuri kabisa, kiti kitupu. Niliyoyasema ndani ya lile gari siwezi kuyaandika.

Nikaenda Woluwe hata hivyo. Nikakaa kando ya kitanda chake saa nne nzima, damu ikitoka na kurudi kwenye mipira, yeye amefumba macho. Sijui alilala kweli au alinikwepa.

"Gari imewaka," nikamwambia alipofumbua. "Niko hapa nayo. Nikurudishe?"

"Kaka yako anakuja."

Kaka alikuja saa saba, amechelewa, anatabasamu. Alikuwa ametoka kwa marafiki zake, mtaa wa Matonge. Aliponiinamia kunisalimia, bia ilinifika puani kabla ya shavu lake. Damu ikanipanda. Huyu ndiye anashukuriwa kanisani!

"Maman, huyu amekunywa. Mnuse."

"Bière moja tu, petite," kaka akasema, wala hakuona haya. "Shida iko wapi?"

Maman alikuwa anafunga vifungo vya koti, polepole, mkono mmoja ukiwa bado na bandeji. Hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Weye? Ni weye njo wa kusema ile?"

Jibu nilikuwa nalo, lakini lilikuwa na munkoyo ndani yake, na munkoyo alinipikia yeye. Akashika mkono wa mwanawe wakatoka. Nikawaona pale nje: kaka alimfungulia mlango, akamfunga mkanda kwa upole, akazunguka, akawasha gari. Hakuna aliyemwambia apulize.

Nikakimbilia langu. Nikapuliza, likawaka mara moja, nikawafuata. Kila taa nyekundu nilisimama nyuma yao, nikiangalia kitambaa cha kichwa cha maman juu ya kiti cha mbele. Kaka alipita moja ya rangi ya machungwa na mimi nikaipita nayo. Katikati ya njia kimashine kikalia: puliza tena. Nikapuliza, macho yangu hayakutoka kwenye kile kitambaa.